Kuacha Ugoro na Kiko Ukiwa Kibera au Kawangware

Pakiti ya sigara nchini Kenya ina picha ya kutisha na onyo la serikali. Ugoro hauna pakiti. Unachotwa kwa kijiko kutoka mkebeni, unafungwa kwenye kipande cha gazeti, unatiwa mfukoni au kwenye pindo la leso, na mnunuzi anaondoka bila kuona onyo lolote. Kwa kuwa hauna moshi, hakuna jirani anayelalamika wala askari wa kaunti anayeuliza. Mtu anaweza kuutumia miaka 30 bila hata mmoja kumwambia kwamba anatumia tumbaku sawa na mvuta sigara.

Na watumiaji si wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta Wakenya watu wazima wapatao milioni 2.5 wanaotumia tumbaku, na karibu milioni 1 kati yao hutumia isiyo na moshi. Kuna jambo moja katika hesabu hiyo ambalo halizungumzwi vya kutosha: sigara ni ya wanaume zaidi, lakini kwa tumbaku isiyo na moshi wanawake wanawakaribia, asilimia 3.8 kwa 5.3 ya wanaume. Pita Soko la Toi au vibanda vya Kawangware saa za asubuhi utaelewa. Mama wa mitumba anaweka kidogo chini ya mdomo kabla ya kufungua robota, na soja aliyetoka zamu ya usiku ananunua wa kumfikisha nyumbani.

Mwongozo huu ni wa yule aliyekwisha kuamua, au anayekaribia kuamua, kwamba inatosha. Mwenye kiko naye ana sehemu yake humu.

Kwanza elewa kinachokushika

Jani la tumbaku hukaushwa, husagwa, kisha huchanganywa na magadi. Wengine huongeza samli au mafuta kidogo. Magadi yana kazi kubwa kuliko kuongeza ukali. Yanaibadilisha nikotini iwe katika hali inayopenya upesi ngozi laini ya pua na ufizi. Ndiyo maana ugoro uliokolea magadi hupanda kichwani mara moja. Kadiri nikotini inavyofika haraka ubongoni, ndivyo ubongo unavyoizoea na kuidai.

Nusu ya nikotini huondoka kwenye damu kwa muda wa saa 2 hivi. Hesabu siku yako uone kama mkono haurudi mfukoni kwa mwendo huohuo. Ile hasira ya saa nne asubuhi, kichwa kizito na kushindwa kutulia ambavyo ugoro "unaviponya", mara nyingi ni mwili unaodai nikotini. Ugoro unatuliza shida iliyoletwa na ugoro.

Kuhusu madhara nitasema machache, ila nayasema kwa uzito. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limethibitisha kwamba tumbaku isiyo na moshi husababisha saratani ya mdomo, ya umio na ya kongosho. Saratani ya umio tayari ni kati ya zinazoua Wakenya wengi, na mara nyingi mgonjwa hufika hospitalini akiwa amechelewa, chakula hakipiti tena. Mama mjamzito anayetumia ugoro anampelekea mtoto nikotini, na anajiweka katika hatari ya kuzaa kabla ya wakati, kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo au kupoteza mimba.

Wenye kiko na tumbaku kuukuu

Wavuta kiko wamebaki wachache, wengi wao wazee. Hoja yao ni kwamba moshi wa kiko haumezwi, kwa hiyo haufiki kifuani. Sehemu ya hoja hiyo ni kweli, lakini moshi wa kiko huwa na ukali wa aina ya magadi kuliko wa sigara, kwa hiyo nikotini yake hupenya palepale mdomoni. Midomo, ulimi na koo ndivyo vinavyobeba mzigo.

Kuna pia fahari ya tumbaku iliyokaa. Mzee ana msokoto wa jani alioleta kutoka nyumbani, ameuficha darini miaka, au ana kopo la zamani la tumbaku ya Kizungu alilopewa na mwajiri wakati anastaafu. Huko ng'ambo wapo watu wanaonunua makopo yenye umri wa miaka 40 kwa pesa nyingi, na utamu wanaousifu upo kweli: tumbaku ikikaa, ukali wa kooni hupungua na harufu hukolea. Kosa ni kudhani kwamba iliyolainika imepungua sumu. Nikotini bado imo. Kemikali ziitwazo nitrosamini, ambazo ni kati ya visababishi vikuu vya saratani kwenye tumbaku, hujengeka jani linapokaushwa na kuvundikwa, na zinaweza kuongezeka likihifadhiwa penye unyevu. Nyumba ya mabati wakati wa mvua ina unyevu wa kutosha. Jani lililoshika ukungu usilivute wala usimpe mwingine.

Halafu kuna chumba chenyewe. Katika chumba cha futi 10 kwa 10 chenye dirisha moja, moshi wa kiko kimoja huvutwa na kila aliyelala humo, mtoto mchanga akiwamo. Kama bado hujaacha, angalau leo hii kiko kitoke nje ya mlango.

KISANDUKU: KAGUA MDOMO WAKO

Fanya hivi kabla ya kuanza kuacha, kisha mara moja kila mwezi. Unahitaji kioo kidogo, tochi ya simu na maji ya kunawa.

1. Nawa mikono, sukutua mdomo, toa meno ya bandia kama unayo.
2. Vuta mdomo wa chini kwa vidole, angaza ndani. Anza pale unapozoea kuweka ugoro. Ngozi ya hapo mara nyingi huwa nyeupe na yenye makunyanzi, kama ya vidole vilivyokaa sana kwenye maji ya kufulia.
3. Angalia shavu moja, kisha la pili, ufizi wa juu na wa chini.
4. Toa ulimi, uangalie juu, pembeni kulia, pembeni kushoto, kisha uuinue uone chini yake.
5. Papasa shingo na chini ya taya, utafute uvimbe usiouma.

Nenda kituo cha afya ukiona lolote kati ya haya: kidonda kisichopona kwa wiki 2, doa jeupe au jekundu lisilofutika, uvimbe, jino lililolegea bila sababu, damu, sauti iliyokwaruza kwa wiki kadhaa, au ugali unaohitaji kusukumwa kwa maji ndipo upite. Usisubiri maumivu. Saratani ya mdomo inapoanza mara nyingi haiumi.

Mengi ya mabadiliko ya ngozi yanayoletwa na ugoro hupungua mtu akiacha. Doa ambalo bado lipo wiki chache baada ya kuacha ni lazima lionwe na daktari.

Hatua za kuacha

1. Andika saa zako. Kwa siku 3 tumia kama kawaida, ila kila mara unapoweka, andika saa, mahali na mtu uliyekuwa naye. Asiyeandika amwombe mwanawe amwandikie kwenye simu. Utagundua kwamba si zote zina nguvu sawa. Ya kuamka, ya baada ya chakula na ya baraza la jioni ndizo ngumu. Nyingine ni mazoea ya mkono tu, na hizo zitaondoka bila vita kubwa.

2. Tafuta kilichokuingiza. Wengi walianza kwa sababu ya jino. Wengine walianza kwa mafua, kwa usingizi wa zamu ya usiku, au kwa njaa ya mjengo. Sababu hiyo ikibaki, itakurudisha. Jino bovu ling'olewe au lizibwe kwanza. Soja anayepambana na usingizi apange kulala mchana penye giza na utulivu, atembee kila saa wakati wa zamu, na ale chakula chepesi usiku badala ya sahani nzito ya saa tatu.

3. Chagua siku ndani ya wiki 2 zijazo. Isiwe siku ya matanga wala ya kupokea mshahara. Kwa Waislamu wa Makina na kwingineko, Ramadhani ni nafasi nzuri sana: tayari unakaa bila tumbaku tangu alfajiri hadi magharibi, kwa hiyo mwili umeshathibitisha kwamba unaweza. Kinachobaki ni kutokufuturu kwa ugoro. Wakristo wengine hutumia Kwaresima kwa namna hiyohiyo.

4. Mpaka siku hiyo ifike, sogeza ile ya kwanza ya asubuhi. Ukizoea kuweka ukiamka saa kumi na moja, kesho ngoja saa kumi na mbili, keshokutwa saa moja. Usinunue akiba. Nunua wa siku moja tu, ili siku yako ikifika mkebe uwe mtupu.

5. Zungumza na muuza ugoro. Watu wengi hukwepa hatua hii, nami naiona kuwa kati ya zenye nguvu zaidi. Muuzaji wako anakujua kwa jina, anakukopesha, na kwa mapenzi tu anaweza kukuonjesha bure. Lipa deni, mwambie, "Mama, nimeacha, usinipe hata nikikuomba." Kisha badilisha njia ya kupita kwa mwezi mmoja. Kutoka Laini Saba hadi Toi kuna vichochoro vingi, na kutoka 46 hadi Gatina vivyo hivyo.

6. Andaa cha kuweka mdomoni. Mdomo uliozoea kushika kitu utatafuta kitu. Mkokoteni wa miwa unapatikana kila kona ya Kawangware. Vipande vichache vya muwa vinatosha jioni moja, ila mwenye kisukari asivitumie. Karafuu moja, kipande cha tangawizi mbichi, njugu karanga au mbegu za maboga pia hufaa. Kunywa maji mara kwa mara. Punguza chai kali ya rangi kama ndiyo iliyokuwa ikifuatana na ugoro wako.

7. Fikiria dawa ya kusaidia. Shirika la Afya Duniani liliweka bidhaa za nikotini za tiba, yaani ubani wa kutafuna na plasta ya ngozi, kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Uliza kwenye duka la dawa lililosajiliwa au kituo cha afya. Kwa kawaida, mtu anayetumia tumbaku ndani ya nusu saa baada ya kuamka hupewa ubani wa miligramu 4, na mwingine wa miligramu 2. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo na aliye chini ya miaka 18 wasianze bila mhudumu wa afya.

Ubani huu hautafunwi kama bigijii. Tafuna polepole mpaka uhisi ukali wa pilipili, kisha uuegeshe kati ya shavu na ufizi. Ukali ukiisha, tafuna tena kidogo, egesha upande mwingine. Mmoja hukaa kama nusu saa. Usile wala kunywa chai, kahawa au soda dakika 15 kabla yake na wakati umo mdomoni, kwa sababu huizuia nikotini kupenya. Usizidishe vipande 24 kwa siku.

Wiki ya kwanza itakuwaje

Dalili huanza ndani ya siku moja na hufikia kilele kati ya siku ya 2 na ya 3. Tarajia hasira za haraka, kichwa kuuma, usingizi wa vipandevipande, njaa na tumbo kufunga. Hayo yote ni mwili unaojirekebisha. Baada ya wiki 2 hadi 4 mengi huwa yamepita. Kinachobaki ni hamu inayokuja ghafla, na hiyo hamu ina siri moja ya kukufaa: kila inapopanda hukaa dakika chache tu kisha hushuka, uweke ugoro usiweke.

Kwa hiyo kazi yako ni kuvuka dakika hizo:

- Tazama saa, ujiambie utangoja dakika 10.
- Vuta pumzi ndefu mara kadhaa, taratibu.
- Kunywa maji glasi nzima.
- Ondoka ulipo. Teka maji, fagia mlangoni, mpigie mtu simu.

Ikiwa huzuni inakulemea kiasi cha kushindwa kuamka, au unapata mawazo ya kujidhuru, usivumilie peke yako. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Makosa yanayowarudisha wengi

*Kuhamia sigara.* Mtu anaacha ugoro kisha anavuta "moja tu" ya kununua kibandani. Amebadilisha njia ya nikotini na kuongeza moshi. Ijulikane pia kwamba Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara mojamoja, ingawa vibandani zinauzwa mchana kweupe.

*Kuhamia kuber au vifuko vya nikotini.* Kuber ni tumbaku, hata ikiuzwa kama kitu cha kunukisha mdomo. Vile vifuko vidogo vyeupe vya kuweka chini ya mdomo havina jani, lakini nikotini vinayo, na vimetengenezwa vikupendeze. Havina uhusiano na ubani wa tiba unaopangiwa kipimo na mwisho.

*Pombe na miraa.* Wengi wanaorudi hurudia hapo. Mwezi wa kwanza kaa mbali na baraza hilo. Ukiwapenda rafiki zako, wakutane nawe kanisani, msikitini, uwanjani au kwako nyumbani.

*Kudhani kuteleza ni kushindwa.* Umeweka mara moja matangani. Toa, sukutua, endelea. Aliyesema "basi nimeharibu" ndiye aliyenunua mkebe mzima kesho yake. Walioacha kabisa wengi walijaribu zaidi ya mara moja.

*Kuacha mkebe nyumbani "kwa ajili ya wageni".* Wageni watakunywa chai. Mkebe ni hatari pia kwa watoto: mtoto akimeza ugoro, au ubani wa nikotini, anaweza kutapika, kutokwa na mate mengi, kulegea na hata kupata degedege. Mkimbize hospitali, usimlazimishe kutapika.

Kama anayeacha ni mzazi wako

Usimfokee baba au mama mbele ya wajukuu. Mzee aliyetumia ugoro tangu ujana anauhusisha na heshima: ndio aliowapa wageni wake, ndio uliozungushwa wazee walipokaa kusuluhisha jambo. Zungumza naye faraghani, kwa adabu, umpe sababu inayomgusa. "Baba, nataka ule ugali wako bila taabu" ina nguvu kuliko hotuba ya saratani. Kama afya yake inahitaji, omba mtu anayemheshimu, imamu, padri, pasta au mzee wa rika lake, aseme neno.

Kisha msaidie kwa vitendo. Mpeleke akakaguliwe meno. Nunua wewe huo ubani wa tiba kama uwezo upo. Vumilia ukali wake wa wiki ya kwanza. Asipojibu salamu, msalimu tena jioni. Na ukiwa wewe mwenyewe unavuta, acheni pamoja.

Pesa pia zinaongea. Kama ni shilingi 20 mara mbili kwa siku, ni 14,600 kwa mwaka. Wekeni kiasi hicho kila siku kwenye kibubu au kwenye akaunti ya simu kwa jina la jambo moja analolitaka, awe anaona zikikua.

Pa kwenda

Kibera, anza na kituo cha afya cha umma kilicho karibu nawe, au nenda Hospitali ya Mbagathi. Kawangware, anza na Kituo cha Afya cha Riruta. Mwambie mhudumu wazi: "Natumia ugoro, nataka kuacha." Usiseme tu kwamba una kichwa au tumbo. Asipouliza kuhusu mdomo, mwombe aukague, na umwonyeshe pale ulipozoea kuweka. Penye doa au kidonda cha mashaka, omba barua ya rufaa siku hiyohiyo.

ORODHA YA KUBANDIKA UKUTANI

☐ Nimeandika saa zangu kwa siku 3
☐ Nimekagua mdomo na shingo
☐ Jino limeshughulikiwa
☐ Siku imechaguliwa, na watu 2 wanaijua
☐ Deni la ugoro limelipwa, muuzaji ameambiwa
☐ Mkebe, kiko na msokoto vimetoka nyumbani
☐ Karafuu, njugu, tangawizi au ubani wa tiba viko tayari
☐ Namba ya msaada iko kwenye simu

Namba hiyo ni 1192, ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya. Haikati pesa yoyote, hata simu isiyo na salio inapiga. Ipige leo, kabla hujanunua wa kesho.